Zumari Nililokuambia Nimelichoma

Baba Zuhura, mume wangu,

Sikuulizi hali. Mtu aliyelala Kaole mwaka wa sita sasa haulizwi hali, na wewe ungekuwa wa kwanza kunicheka kama ningeanza hivyo. Nakwambia tu kwamba mimi nipo, goti la kushoto bado linanisumbua, na Zuhura hajambo na wanawe. Baada ya hapo sina salamu za kupamba. Nina jambo nililolikalia tangu siku ile ulipofumba macho, na leo nataka kulisema.

Mwezi huu nilikwenda kambi. Cheka tu, najua unacheka. Zuhura alichoka kuniona nimekaa nyumbani kwake Bunju natazama ukuta, akaona kwenye simu tangazo la kambi ya muziki ya watu wazima, siku kumi, Bagamoyo mjini, karibu na ufuo, wakati huu wa kipupwe. Akaniambia, mama, si ulikuwa unaimba kwenye arusi wewe? Nikamwambia nilikuwa ninaimba enzi ambazo nilikuwa na meno yote. Akanibishia siku tatu mfululizo. Mwishowe nilikubali ili aninyamazie.

Tulikuwa watu kumi na wanane, na mdogo wetu kabisa alikuwa ameshavuka thelathini na tano. Kulikuwa na mstaafu mmoja wa benki aliyekuja kujifunza marimba, akawa anapiga huku anahesabu kwa sauti kama yuko dirishani bado. Kulikuwa na Wajerumani wawili, mume na mke, wanashika ngoma kwa woga utadhani wamepewa mtoto mchanga wa watu. Chumbani nililala na Bi Shirin, Mhindi mwenye duka la vitambaa hapo hapo mjini, ambaye nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi lakini alikataa kulala kwake. Alisema akilala kwake atapika, na hakuja kambi kupika.

Siku ya kwanza msichana wa kuandikisha aliniuliza, mama, unajifunza ala gani? Nilikuwa nimejiandaa kusema kuimba. Mdomo ukasema zumari. Akauliza kama ninalo la kwangu. Nikasema ninalo.

Zuhura alikuwa amesimama pembeni yangu ameshika begi. Akanigeukia na yale macho aliyoyarithi kwako. Mwanao anajua, kama ulivyojua wewe, kwamba zumari la baba yake liliungua jikoni kwangu. Alinibusu, akapanda gari lake, akaondoka, na jioni akanitumia ujumbe wenye maneno mawili tu: "Lipo, mama?"

Lipo, Baba Zuhura. Siku ulipoliulizia lilikuwa chini ya sanduku la kanga zangu, limefungwa kwenye ile kanga ya rangi ya damu ya mzee uliyoniletea kutoka Tanga. Nilihama nalo kwenda Bunju, na sikuwahi kulifungua hata kulipangusa vumbi.

Mwalimu wetu wa zumari aliitwa Mwalimu Kombo, Mpemba wa miaka sabini na kitu, mwembamba kama ufito. Alipolitoa kwenye kanga alilitazama kwa muda mrefu, akageuza kile kisahani cha kifuu kinachokaa kwenye midomo, akanusa. Akasema aliyechonga hili alikuwa na subira. Kisha akaushika ule ulimi wa jani la mti wa mvumo, ule unaolia ndani ya mdomo wa mpigaji, akasema huu umekufa, tuutupe, nitakukatia mpya. Nikamwambia autoe lakini asiutupe. Nikaupokea nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mate yako yalikuwa yameukaukia.

Somo la kwanza, unajua lilikuwa nini? Bakuli la maji na bua la jani la mpapai. Tukae chini, tutie bua kwenye maji, tupulize povu lisikatike, pumzi iingie kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma. Wenzangu walikohoa, walimwaga maji, yule Mjerumani alicheka mpaka akalia. Mimi nikapuliza. Nikapuliza na povu halikukatika. Mwalimu Kombo akaniuliza nimefundishwa na nani, nami nikasema nimefundishwa na mume wangu, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa mchezo.

Unakumbuka? Ulikuwa umetoka kupiga arusi ya mtu kule Mlingotini, umejaa jasho na harufu ya udi wa watu, nami nimekununia kwa kuchelewa. Ukaenda uani, ukakata bua kwenye mpapai wa karibu na choo, ukajaza bakuli langu jipya la sherehe, ukaniambia, "Ukiweza kupuliza mpaka nimalize kuvua kanzu, nakuacha uninunie mpaka Ijumaa." Nilishindwa, nikapaliwa, nikacheka, na mnuno ukaishia hapo. Ilinichukua mwezi kuweza. Wewe ulikuwa unajisifu kwa rafiki zako kwamba mkeo ana pumzi kuliko wao, na mimi nilijifanya naona haya lakini nilikuwa napenda.

Sasa nije kwenye kikohozi chako.

Kilianza na mvua za vuli. Ulikohoa asubuhi, ukakohoa na jioni. Wote tulijua wapiga zumari hukohoa, mjomba wako alikohoa, na yule mwenzako wa Kondo naye. Kwa hiyo niliposema ni zumari hilo, hakuna aliyenipinga, hata wewe. Nikakuchemshia tangawizi, nikakusugua kifua na mafuta ya habasoda, nikamwita maalimu akakusomea. Mwezi wa pili kanzu ilianza kukulegea. Usiku unaloa jasho mpaka shuka nalikamua. Siku moja ukaniambia kesho twende hospitali. Nikakujibu, na maneno yangu nayakumbuka neno kwa neno, "Hospitali ya nini? Acha kwanza zumari, ukiona hupoi ndiyo twende."

Uliacha. Mpiga zumari mkubwa kuliko wote upande huu ukaniachia mimi zumari lako mkononi kama mtoto anayekabidhi kisu. Nikajiona nimefanya la maana, nikawatangazia majirani kwamba mgonjwa wangu ameshaacha na sasa atapona. Tukasubiri upone. Tulisubiri miezi mitatu, Baba Zuhura, na nafuu zako zote zilikuwa za kunifurahisha mimi.

Ndipo ukaliulizia. Ulikuwa huinuki vizuri tena. Ukasema nataka kulishika tu, sipulizi. Nikaogopa kwamba nikikupa utapuliza, nikasema nimelichoma. Hukugomba. Ulitazama dari, ukasema, "Basi vizuri," ukageukia ukutani. Hukuniuliza mara ya pili. Ungeuliza mara ya pili ningekupa, nimejiapia hivyo mara nyingi, lakini sijui kama ni kweli.

Siku mbili baadaye nilirudi kutoka dukani nikakukuta umeegemea mto na bakuli mapajani. Ulikuwa umemtuma mtoto wa jirani akukatie bua. Unapuliza, povu linatoka kidogo, linakatika, unahema, unarudia. Maji yalikuwa na rangi. Nilikunyang'anya bakuli. Sikukuomba, nilikunyang'anya, nikamwaga maji mlangoni. Kisha nikachukua panga nikaenda uani nikaukata ule mpapai, na ulikuwa na matunda. Wewe ulikuwa unasikia kila pigo.

Hospitali tulikwenda wiki iliyofuata, umebebwa. Walikupima makohozi. Daktari alikuwa kijana mpole, akanitoa nje, akaniambia ni kifua kikuu, kimekula sana, mama mmechelewa. Akaniuliza amekohoa muda gani. Nikasema wiki tatu. Hata pale nilidanganya. Ukakaa siku nne, ukaondoka.

Kosa la mwanzo lilikuwa la ujinga, na ujinga Mungu anausamehe, hivyo ndivyo nilivyojipoza. Lakini nisikilize la pili. Matangani wanawake walinizunguka, wakaniuliza mgonjwa alikuwa na nini. Ningesema ni kifua kikuu wangeniuliza kwa nini hamkwenda mapema, tena wangehama kwenye mkeka wangu. Nikasema zumari. Nikasema lilimpasua mapafu. Nikalia, wakalia na mimi, na neno likatoka pale likaingia kila nyumba. Tangu siku hiyo Kaole hakuna mzazi aliyemruhusu mwanawe kushika zumari. Arusini wanapigiwa spika. Kikundi chako cha ngoma kilivunjika ndani ya mwaka, na mimi nikahamia Bunju kwa mwanangu, nikisema nyumba ina upweke.

Aliyebaki akipiga ni Selemani tu, mtoto wa dada yako, uliyemfundisha ukamkabidhi siri zako zote. Idi iliyopita alikuja Bunju kunisalimia, na mkewe Tatu na watoto wao. Amekonda. Alikohoa kabla ya chai na akakohoa baada ya chai, amejifunika mdomo kwa leso, kikohozi kile kile kinachotoka chini kabisa. Nilikijua, Baba Zuhura. Nililala na kikohozi hicho nusu mwaka. Tatu akaniuliza, unaonaje mkazamjomba? Nikamtazama Selemani, nikamwambia aweke chini hilo zumari kabla halijammaliza kama lilivyommaliza mjomba wake.

Basi sasa unajua kwa nini nimekuandikia.

Siku ya nne ya kambi Mwalimu Kombo alirudi kutoka Kaole ana uso mzito. Alikuwa amekwenda kumwomba Selemani aje apige siku ya kufunga kambi, maana jina lake limefika mpaka Pemba. Akatuambia kijana wa watu ni mgonjwa, ameacha zumari mwezi wa tatu sasa anasubiri kifua kipoe. Na akasema kaambiwa na mke wa marehemu mjomba wake kwamba zumari linaua. Mwalimu alitema mate pembeni. "Mimi nimelipiga miaka hamsini na tano," akasema. "Huyo mama angekuwa mbele yangu ningemwomba anioneshe kaburi langu." Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa mbele yake, nimeshika zumari lako kwa mikono miwili.

Ungedhani niliinuka nikaenda Kaole saa ile ile. Sikuinuka. Nilikaa siku mbili nyingine najifunza vidole. Nilijiambia pengine kwa Selemani ni mafua tu. Nilijiambia Tatu ana akili, atampeleka. Siku ya sita Bi Shirin alinikuta chumbani nimeushika ule ulimi wako mkavu, akakaa kitandani kwake akanitazama mpaka nikamweleza, yote, kama ninavyokueleza wewe. Nilitegemea angenishika mkono. Akavaa miwani yake akaniuliza, "Na huyo Selemani ana watoto wangapi?" Nikasema watatu. Akauliza wanalala naye chumba kimoja? Nikasema nadhani. Akainuka. Alinitafutia viatu vyangu chini ya kitanda, akaviweka mlangoni.

Nilikodi bajaji. Nilimkuta Selemani barazani kwake, jua linachoma, yeye amevaa sweta. Mifupa ya shingo imemtoka.

"Shikamoo, mkazamjomba."

"Marahaba, baba."

Nikaweka kanga juu ya jamvi nikaifungua. Alilijua kabla halijaonekana nusu. Akanyoosha mkono akaurudisha.

"Si liliungua hili?"

"Halikuungua. Na halikumuua mjomba wako. Alikuwa na kifua kikuu, Sele. Daktari aliniambia mimi peke yangu, nami nikawadanganya nyote."

Tatu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Selemani alinitazama muda mrefu, hana hasira, na heri angekuwa nayo.

"Siku ile ya Idi," akasema, "nilipokohoa kwako. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa ninajua."

Akamgeukia mkewe. Kisha akasema, si kwangu, "Tatu, nipe viatu."

Tulipanda wote bajaji ile ile kwenda hospitali, na njia nzima hakuna aliyesema na mimi. Walimpima, majibu yakatoka kesho yake. Ni kifua kikuu. Nilisubiri nisikie lile neno tena, nimeshika mlango. Daktari hakusema mmechelewa. Hakusema mmewahi pia. Alisema tuanze, na akataka watoto wote watatu waletwe.

Wawili wakubwa ni wazima. Mdogo wao ndiye hakuwa mzima. Ana miaka miwili na nusu na hajui kulalamika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemtilia maanani. Wamempa jina lako, Baba Zuhura. Anaitwa Athumani. Sikuwa huko alipozaliwa, nilituma kanga na sabuni.

Siku ya kufunga kambi sikurudi. Bi Shirin aliniletea begi langu, na akasema Mwalimu Kombo ameambiwa mama aliyemsema alikuwa nani. Nikauliza alisema nini. Akasema alikata ndimi mpya nne akampa aniletee, akasema zisikae juani. Zuhura naye ameshajua yote, nilimpigia mwenyewe. Alikata simu. Baada ya siku tatu akapiga kuuliza dawa za Athumani zinaitwaje, tukazungumza habari za dawa tu. Sijui kama tutarudi kuzungumza mengine.

Sasa nipo Kaole. Nimefungua nyumba yetu, nimefukuza popo nikafagia. Wanawake niliwaendea mmoja mmoja, wale wale wa mkekani kwangu, nikawaambia mume wangu alikufa kwa nini na kwa mkono wa nani. Wengine walinipa pole, wengine wananipita njiani. Mmoja aliniambia mwanawe ana kikohozi cha mwezi mzima, akafunga mlango wa nyumba yake pale pale tukampeleka mtoto hospitali. Yule mtoto hakuwa na kifua kikuu. Nililia njia nzima ya kurudi, akadhani nimechanganyikiwa.

Kwa Selemani naenda kila asubuhi kusimamia vidonge. Tatu haitikii salamu yangu. Ananifungulia mlango, ananiwekea maji, anatoka. Selemani anameza, anaitikia ninachouliza, hasemi zaidi. Miezi sita, walituambia, isikatike hata siku moja. Simwombi anisamehe, maana naogopa atanisamehe kwa heshima. Wala wewe sikuombi. Ningependa ukasirike. Ile "basi vizuri" yako imenikaa kooni kuliko tusi lolote.

Dawa ya Athumani inayeyushwa kwenye bakuli la maji. Anaikataa, anatema, anapiga mateke, mtoto mwenye nguvu za namna hii sijui ugonjwa umemwingilia wapi. Jana Selemani aliinuka taratibu, akaenda uani kwake, akarudi na bua la mpapai. Akalikata fupi, akamtia mtoto mdomoni, akamwambia avute. Athumani badala ya kuvuta akapuliza. Dawa yote ikachemka povu, ikamrukia usoni. Akacheka, akapuliza tena.

Mkono wangu ulikwishafika kwenye bakuli. Selemani aliutazama ule mkono. Nikaurudisha mapajani, nikakaa nao, na mtoto akapuliza mpaka alipochoka mwenyewe, kisha akanywa.

Zumari lako liko juu ya jamvi la Selemani, limepanguswa. Hajalipuliza bado. Lala, Athumani mume wangu. Kesho alfajiri nina dawa ya kuyeyusha.

Mkeo aliyekunyang'anya bakuli,
Mama Zuhura